Mama Mukwe na Miti Yangu ya Baraka

Mama mukwe wangu alikuja Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kutibiwa goti. Goti lilipopona, alibaki kuangalia miti yangu ikifa.

Sisemi hivyo kwa uchungu. Alikuwa na haki ya kuangalia. Maisha yake yote alikuwa amelima kule Kilembwe, na mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia mwenye kiwanja kitupu, nyumba ya manjanja, mabati yanayochemka mchana kama sufuria, na miche minane niliyoileta kwa pikipiki kutoka Fizi. Nilikuwa nimepanda mlimani Fizi kusahihisha mitihani. Nyuma ya nyumba tuliyolala niliona michungwa imebeba mpaka matawi yanainama, asubuhi kuna ukungu, mtu anavaa sweta. Nikajiambia kwamba kinachoota Fizi kitaota Baraka. Kila mwaka nafundisha watoto tofauti kati ya hali ya hewa ya mlimani na ile ya kando ya ziwa. Siku ile nilisahau somo langu mwenyewe.

Nilirudi na michungwa mitatu, miavoka miwili na miembe mitatu. Nilichimba mashimo kwa kamba na kipimo, mistari imenyooka kama madawati. Majirani walipita wakasimama kutazama. Mke wangu alitoka na futi yake ya kushonea shingoni, akaangalia mistari, akaniuliza kama miti hiyo itafanya mtihani wa serikali.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja. Kwetu, mwanaume na mama wa mke wake hawazoeani. Hawali sahani moja, hawatazamani machoni, na wakikutana njiani mmoja anapisha kwenye majani. Maneno kati yao hupitia kwa mtu mwingine. Mtu huyo kwetu alikuwa mke wangu, lakini mke wangu ni fundi wa kushona, na cherehani ikianza kulia hasikii mtu. Kwa hiyo mama mukwe alitafuta njia nyingine. Alianza kuzungumza na miti.

Ilikuwa siku ya tatu tangu afike. Alikuwa amekaa barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, na mimi nilikuwa namwagilia saa saba za mchana, jua liko utosini. Nikasikia sauti yake, ya upole, anauelekea mchungwa wa kwanza.

“Muchungwa, pole sana. Bamekuzika na ungali muzima.”

Cherehani ilinyamaza. Nilijua mke wangu ameziba mdomo na kitambaa.

Nilitazama mchungwa. Nilikuwa nimeufukia mpaka karibu na matawi ya chini, ili upepo wa ziwa usiuangushe. Sikuweza kumjibu mama mukwe, maana hakuniambia kitu. Nikaujibu mchungwa.

“Muchungwa, hapana ogopa. Mwalimu alisoma.”

“Ni vizuri,” mama mukwe aliuambia mchungwa. “Alisoma. Lakini shingo ya muti haifukiwake. Shingo inaoza. Hata muntu, ukimufukia mpaka ku shingo, atasimama vizuri, lakini hatakula.”

Sikufukua mbele yake. Nina heshima yangu. Nilingoja aingie ndani kulala, ndipo nikafukua shingo zote nane kwa mikono. Mchungwa wa kwanza ulikuwa tayari na ngozi nyeusi pale chini. Haukumaliza mwezi, ukafa.

Mwaka ule mvua ilitudanganya. Mimi nilikuwa nimepanda kwa hesabu: katikati ya mwezi wa tisa mvua zinaanza, miche inakunywa, kazi imekwisha. Darasani nilikuwa nimechora mishale ya upepo ubaoni kwa chaki ya rangi. Mwezi wa tisa ukapita mkavu. Mwezi wa kumi mawingu yalikuwa yanajipanga juu ya milima ya upande wa Fizi, yananguruma, halafu yanakwenda kunyesha kwa wengine. Nikaanza kubeba maji. Kila jioni nilifunga bido mbili za kuchotea maji kwenye baiskeli, nikashuka ziwani, nikapanda tena huku maji yanapigapiga na shati limeganda mgongoni. Wanafunzi wangu walikuwa wananiona. Mmoja aliniamkia kwa adabu zote, kisha akaniuliza kama ile mishale ya ubaoni imebadilisha njia.

Jirani yetu ni mzee Muislamu mwenye maboti mawili ya kubeba mizigo. Kiwanjani kwake kuna mwembe mkubwa kuliko nyumba, na embe zake, mtu akishaonja, anasahau alichokuja kusema. Siku moja alinikuta nimesimamisha baiskeli nipumzike.

“Mwalimu,” akasema, “baba yangu hakuwahi kuchota maji ya mti. Sisi watu wa mwambao tunakula embe, tunatupa kokwa. Kupanda tunamwachia Mungu.”

“Na mvua isiponyesha, mzee?”

“Hapo Mungu anachagua kokwa yenye akili.”

Nilirudi nyumbani nikaona chungu kizee kimefukiwa pembeni ya mwembe mmoja, mdomo tu unaonekana. Nilidhani ni mchezo wa watoto wangu, na nilikuwa nimechoka. Nikakichimbua, nikakitupa nyuma ya choo.

Kesho yake asubuhi, nikiwa napiga mswaki, nikasikia: “Embe, pole. Bamekunyang’anya kikombe, na hukusema neno.”

Mke wangu ndiye aliyenieleza, baada ya kumaliza kucheka. Mama yake alikuwa ametoboa kile chungu kwa msumari, tundu dogo la kupitisha uzi, akakifukia, akakijaza maji ya kuoshea mchele. Maji yanadondoka polepole chini kwenye mizizi, jua halipati kitu. Kazi ile, akiwa na goti bovu, ilimchukua asubuhi nzima, na aliifanya nikiwa shuleni ili nisione aibu. Nilikwenda nyuma ya choo kukiokota. Kilikuwa kimepasuka ukingo, lakini tundu lilikuwa zima. Nilikirudisha, halafu nikatafuta vyungu vingine sokoni, vile vyenye nyufa ambavyo bamama wanauza kwa bei ya huruma. Nilivitoboa mwenyewe. Viwili nilivipasua kabisa. Mama mukwe hakusema kitu, hata kwa mti.

Kwa njia ile miti sita iliuvuka ukame. Wa pili kufa ulikuwa mchungwa tena, na huo ulikwenda na mbuzi wa mtu ambaye mpaka leo anasema hana mbuzi.

Kisha mvua ikaja, yote pamoja, kama mtu aliyechelewa karamu anayetaka kula sahani zote. Ilinyesha wiki baada ya wiki. Miaka hii hata ziwa lenyewe limekuwa likipanda. Watu wa chini yetu waliliona likila ufuko, halafu njia, halafu kuta. Kwetu halikufika mlangoni, lakini lilikuja kwa chini. Ukichimba shimo la kuzika taka, asubuhi unakuta maji yanakutazama.

Miavoka yangu ndiyo iliyoanza. Majani yalilegea, yakaning’inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa, ncha zikawa za kahawia. Nilijua dalili hiyo. Nilikuwa nimeiona wakati wa ukame, na nilikuwa nimejifunza: mti ukilegea una kiu. Na mimi sikuwa mtu wa kukosea mara mbili. Nikachukua ndoo. Asubuhi ndoo moja kila mwavoka, jioni ndoo moja, na majani yakazidi kulegea, na mimi nikazidi kumwaga.

Siku ya nne, mama mukwe aliinuka barazani. Alishuka ngazi bila fimbo. Nilikuwa nimeinua ndoo, nikamwona anakuja moja kwa moja, nikashindwa nipishe upande gani. Akasimama hatua mbili mbele yangu.

“Mukwe wangu, acha,” akasema. “Iko inazama. Unamupatia mayi muntu mwenye kuzama.”

Alikuwa ananitazama usoni. Nami nilimtazama, na ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba macho ya mke wangu ni ya kwake. Halafu sote wawili tulikumbuka. Alivuta kitenge akafunika uso, akageuka, akarudi ndani akichechemea. Siku nzima hakutoka. Mimi nilimwaga maji pembeni, nikaigeuza ndoo, nikakaa juu yake.

Mke wangu aliliona jambo hilo kuwa zito kidogo na la kuchekesha sana. Kwetu heshima ikivunjika hivyo, inatengenezwa kwa kuku. Swali lilikuwa nani atoe kuku. Kwa desturi ni yule aliyevunja, lakini mama hakuwa na kuku Baraka, na mke wangu aliamua kwamba aliyemlazimisha mtu mzima kupiga kelele ndiye mkosaji.

“Baba batoto, tafuta kuku,” akaniambia. “Na iwe ya kutaga. Mama hatakula kuku ya aibu.”

Nilitafuta. Mama mukwe aliipokea kupitia kwa mke wangu, akaifungua kamba, na tangu siku hiyo kuku ile iliamka alfajiri kwenda kuparua mizizi ya miembe yangu. Nilikatazwa kuifukuza, maana ilikuwa kuku ya heshima.

Miavoka yote miwili ilikufa. Nilipoing’oa, mizizi ilikuwa myeusi na laini, inanuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa. Baada ya hapo niliacha ukaidi. Mama mukwe alirudia kuzungumza na miti, ila sasa nilikuwa nasimama karibu kusikiliza. Aliuambia mwembe kwamba kule Kilembwe, kwenye bonde, watu hawachimbi shimo. Wanarundika udongo kilima, wanapanda juu, mti unakaa kama mtu kwenye kiti. Nilibeba udongo kwa toroli kutoka upande wa juu wa mji, wiki tatu, wakati mwingine mvua inaukokota kabla sijamaliza kuumwaga. Tulihamisha miembe mitatu na mchungwa uliobaki, kila mmoja na bonge lake la udongo limefungwa na gunia. Nasema tulihamisha. Mimi nilibeba, yeye aliiambia miti niipeleke wapi. Mistari yangu iliyonyooka ilikwisha siku hiyo. Miti ikakaa ilipopenda yeye, na kiwanja kikaonekana kama watu wanaopiga stori.

Miembe hiyo ilikuwa imetoka kwenye kokwa, na hakuna aliyejua itazaa nini. Hapo ndipo alipoingia mwanamke wa kambi ya Lusenda. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mwenye umri wa kati, anakuja Baraka siku za soko na beseni la avoka kichwani. Mama mukwe alimwita barazani kununua, wakaanza kubishana kuhusu avoka gani ina siagi, wakamaliza jioni. Mmoja alichanganya Kibembe, mwingine Kirundi, na Kiswahili kikapita katikati kama mtu anayeamua ugomvi. Kwao alikuwa na shamba la kahawa na miti ya matunda. Kambini alikuwa amepanda mwavoka nyuma ya nyumba yake.

“Walituambia hapa si fasi ya kudumu,” alisema. “Nikajibu sawa. Lakini muti haukuwa kwenye mukutano.”

Alizunguka miembe yangu, akagusa shina la kila mmoja kwa kidole gumba, akauliza ni nani mwenye embe tamu hapa. Nikamwonyesha mwembe wa jirani. Akasema tukakate vijiti vyake, tuviunge kwenye miche yangu.

Mwenye maboti alikubali, lakini hakukubali bure. Alitusimamia tukikata, mikono nyuma.

“Kwa hiyo mwalimu, baada ya mwaka mzima wa baiskeli, umekuja kwa Mungu wangu.”

“Nimekuja kwa mwembe wako, mzee.”

“Ni palepale. Kateni. Lakini mkipata embe mbaya, msiseme zimetoka kwangu.”

Yule mama wa Lusenda alikata kichwa cha mche wangu kwa wembe mpya, akaupasua kidogo katikati, akachonga kijiti cha jirani kama ncha ya penseli, akakichomeka, akafunga kwa ukanda wa sashe ya plastiki. Ilimchukua muda mfupi kuliko ninavyoeleza. Akanipa wa pili nifanye mwenyewe. Kijiti kiliniponyoka kidoleni mara mbili, na wanawake wawili walikuwa wameinama juu yangu.

“Huyu anafundishaka nini?” mama wa Lusenda aliuliza.

“Dunia,” mama mukwe alimjibu. “Yote. Milima, bahari.”

“Ah. Njo maana kidole kimoja kinamushinda.”

Walicheka mpaka mama mukwe akashika goti. Mimi pia nilicheka, na wembe ukanikata. Kati ya mitatu, miwili ilishika: ule aliofanya mama wa Lusenda, na, sijui kwa nini, ule wenye damu yangu. Wa tatu nao nilikuwa nimeufunga mimi, na huo ulikauka.

Mama mukwe aliondoka kabla miembe haijatoa ua. Alisema goti limepona, jambo ambalo sote tulikuwa tunalijua tangu zamani, na kwamba mashamba yake yanamwita. Aliniachia kuku, ambayo wakati huo ilikuwa na watoto kumi na mmoja, wote wenye miguu ya kuparua. Asubuhi ya safari alizunguka kiwanja akaaga miti mmoja mmoja. Mimi nilisimama nyuma ya mlango, kama inavyotakiwa. Aliagiza mwembe wa karibu na jiko usikubali kumwagiliwa mchana na mtu yeyote, hata akija na diploma.

Miembe ilitoa maua mwaka uliofuata, wakati ambao haikutakiwa. Mvua iliyapiga, nusu yakaanguka. Zikashika embe tisa, upepo wa ziwa ukachukua tano. Nne zilizobaki nilizifunga kila moja kwenye kitambaa cha mabaki ya cherehani, mti ukaonekana umevaa nguo za watoto. Jirani alikuja kutazama, akauliza ubatizo ni lini.

Zilipoiva, mbili tulikula nyumbani, watoto wakagombania kokwa. Mbili nilizifunga ndani ya katoni yenye majani makavu, nikapanda pikipiki kwenda Kilembwe. Njia ile naijua kwenye ramani. Kwa mgongo ni somo lingine. Tulipita Fizi, tukashuka na kupanda, mara mbili nikatelemka kusukuma. Kijana mwenye pikipiki aliniuliza kuna nini kwenye katoni ninayoikumbatia kama mtoto.

“Embe.”

Alikata kona kwanza. “Mwalimu,” akasema, “Kilembwe banapatiaka nguruwe embe.”

Nilifika vumbi tupu. Mama mukwe alizipokea kwa mikono miwili, uso pembeni, akaingia nazo ndani, maana sikutakiwa kumwona anakula. Nilikaa nje kwenye gogo. Nilisikia kisu. Kisha sauti yake ikatoka dirishani, kwa mtu yeyote aliye nje.

“Iko tamu. Iko na nyuzi kidogo. Lakini iko tamu.”

Jioni alitoka, akanipita, akaanza kutembea kuelekea nyuma ya nyumba. Baada ya hatua kama kumi alisimama bila kugeuka. Nikaelewa kwamba nifuate. Nilimfuata kwa mbali mpaka kwenye mwavoka mkubwa, mnene kuliko nguzo za kanisa. Alikuwa ameupanda mke wangu alipozaliwa. Upande mmoja ulikuwa wa kijani. Upande wa pili matawi yalikuwa matupu, na majani machache yaliyobaki yalikuwa yamejikunja. Alisema kwamba mvua ya mwaka ule ilikuja mapema ikakatika, jua likakaa, mvua ikarudi wakati wa kuvuna maharage. Alisema amewaagulia watu miti yao maisha yake yote.

“Hii sijaionaka, mukwe wangu,” akasema. Hakufunika uso. “Iko na kiu, ao iko inazama?”

Ningeweza kusema kitu. Nina maneno mengi kuhusu mvua. Nilipiga magoti, nikachimba kwa vidole karibu na shina. Juu udongo ulikuwa mgumu kama tofali, chini kidogo ulikuwa na unyevu. Nikanusa mzizi mmoja. Haukunuka.

“Sijui, mama,” nikamwambia.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la kutosha, akaenda kuleta majembe mawili. Tulilegeza udongo kuzunguka mti, yeye upande wake, mimi upande wangu, tukakata matawi makavu, tukatandika majani ya migomba mpaka mbali na shina. Giza lilipokaribia alinikumbusha, kwa kukohoa tu, kwamba nimeanza kurundika majani kwenye shingo ya mti, na nikayaondoa.

Wiki iliyopita mke wangu alimpigia mama yake simu. Mtandao wa Kilembwe unakuja na kwenda, na cherehani ilikuwa inalia, kwa hiyo alisikia nusu. Anasema mwavoka umechipua kwenye matawi mawili ya upande ule mbaya. Au alisema matawi mawili zaidi yamekauka. Alimwomba arudie, simu ikakatika, na tangu hapo kila jioni tunajaribu namba.